Njia za Watalii Katika Ardhi ya Kijiji: Soma Kabla Hujasaini

Kijitabu cha elimu kwa wananchi wa vijiji vinavyopakana na misitu ya Usambara



Malalamiko yamezidi. Kijiji baada ya kijiji tunasikia habari moja: walikuja wageni, wakapima njia ya kupitisha watalii, wakagawa soda, watu wakasaini, na baadaye wenye mashamba wakaambiwa eneo si lao tena. Kwa hiyo Idara yetu ya wilaya imeona iandike jambo hili kwa lugha ya wazi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Kwanza, tusielewane vibaya. Njia ya kutembea kwa miguu ni mali, na msitu uliohifadhiwa ni mali kubwa zaidi. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, ina ukubwa wa hekta 8,380, na watu hutoka mbali kuja kuona ndege wake na maua ya saintpaulia, ambayo Ulaya hupandwa kwenye vyungu lakini kwao ni kwenye miamba ya huku kwetu. Kiingilio hulipwa hifadhini. Kinachobaki kijijini ni malipo ya muongozaji, ya chumba, ya wali na maharage, ya asali na iliki anayofunga mgeni kwenye mkoba. Msitu huohuo ndio unaolisha Mto Zigi, ambao maji yake hukingwa katika bwawa la Mabayani na kunywewa Tanga mjini. Anayefyeka kando ya chemchemi ili apate madebe mawili ya mahindi anawakausha wengi.

Elimu hii ya kutunza msitu Idara imeitoa mara nyingi, na maofisa wetu wanastahili pongezi kwa kupanda milima ile kwa miguu. Lakini hakuna elimu inayomsaidia mtu anayesaini asichokisoma.

Hatari yenyewe ni karatasi ya mahudhurio. Itazame vizuri. Ni karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula: namba, jina, sahihi. Inapitishwa mkono kwa mkono wakati mgeni bado anaongea. Juu pameachwa wazi. Wewe unajua umeandika kwamba ulihudhuria. Wiki mbili baadaye pale juu pameandikwa kwamba wananchi wameridhia kutoa eneo, na jina lako lipo, na dole gumba la bibi yako lipo. Ukienda kulalamika unaonyeshwa sahihi yako mwenyewe.

Basi: karatasi isiyo na tarehe, jina la kijiji na ajenda juu yake, usiisaini. Tunarudia, usiisaini, hata kama anayeileta ni mwenyekiti, hata kama ni shemeji yako.

Kuna jambo la pili, na hili hata viongozi wengine hulichanganya. Kuruhusu njia ipite ni tofauti na kuhawilisha ardhi. Njia ikipita kwa makubaliano, ardhi inabaki ya kijiji. Ardhi ikihawilishwa inakuwa ardhi ya jumla, inatoka mikononi mwenu, na hata mwekezaji akishindwa kujenga kambi yake, hairudi kijijini yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila kwanza kupata kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanawake kwa wanaume. Watu sita barazani kwa mtendaji si mkutano mkuu.

Eneo likizidi hekta 250 uamuzi hupanda hadi kwa Waziri. Asiye raia ana masharti yake. Vibali vya uongozaji watalii navyo vina taratibu zake. Hayo muulize afisa ardhi au afisa maliasili wa wilaya.

Viongozi wa vijiji nanyi mnaonywa. Mhuri wa kijiji si wa kubebwa mfukoni kwenda nao mjini. Atakayeandika muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika amefanya kosa la kughushi, na hatua zitachukuliwa bila kujali amekaa madarakani miaka mingapi.

Wewe mwenye shamba, mgeni anapokuja na futi kamba, mwulize mbele ya mashahidi: njia itapita wapi, upana gani, nani ataitengeneza mvua ikiibomoa, kijiji kitalipwa nini na kwa stakabadhi ipi. Kisha mwambie asubiri mkutano mkuu. Siku hiyo uende, ukae hadi muhtasari usomwe kwa sauti, na udai nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Ukinyimwa, njoo wilayani kabla njia haijaanza kuchimbwa.