Somo la Usalama Baharini: Kuchagua Redio na Antena ya Boti

Boti inapozimikiwa mashine kati ya Nyamisati na Kilindoni huku pepo za kusi zikivuma, nahodha hukimbilia simu ya mkononi. Simu humfikia mtu mmoja tu, tena palipo na mnara karibu. Redio ya baharini ya VHF husikika na kila chombo kilicho jirani chenye redio iliyofunguliwa katika chaneli 16, ambayo ni ya dharura na wito duniani kote.

Redio hizo ni za aina mbili. Ya mkononi hutoa nguvu ya wati 5 au 6, hutumia betri yake yenyewe na huwafaa wenye ngalawa na mashua ndogo. Ya kufungwa chomboni hutoa hadi wati 25 na huhitaji betri ya volti 12. Mnunuzi aangalie alama ya IPX7, maana yake redio yaweza kuzama mita 1 kwa dakika 30 bila kuingia maji.

Hata hivyo, kinachoamua umbali zaidi ni kimo cha antena. Mawimbi ya VHF husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na mviringo wa dunia huyakinga. Antena mbili zilizo mita 1 juu ya maji huwasiliana kwa takriban kilomita 8. Zikipandishwa hadi mita 4, umbali hufikia takriban kilomita 16. Kwa hiyo, mwenye fedha kidogo atanguliza antena nzuri iliyofungwa juu ya mlingoti kabla ya kutamani redio ya bei kubwa.

Antena hupimwa pia kwa desibeli. Ya desibeli 6 au 9 huyabana mawimbi yaelekee upeo wa macho. Chombo kinapolala upande, mawimbi hayo huishia majini au angani. Mashua yenye kuyumba sana itafaidika na antena ya desibeli 3.

Kebo nayo isidharauliwe. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 15 hupoteza takriban nusu ya nguvu ya redio njiani. Kebo nene ya RG-213 hupoteza takriban robo. Viungo vyote vizibwe dhidi ya chumvi, na kitufe cha kusemea kisibonyezwe kamwe kabla ya antena kuunganishwa, kwani redio yaweza kuungua.

Redio nyingi za kufungwa zina kitufe chekundu cha dharura. Kikibonyezwa, hutuma namba ya chombo yenye tarakimu 9, na mahali kilipo endapo redio inapokea GPS. Kitufe hicho hakifanyi kazi kabla ya namba kuingizwa. Kuhusu namba hiyo na leseni ya redio, mwenye chombo awasiliane na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kabla ya kung'oa nanga, nahodha ajaribu redio kwa wati 1 katika chaneli isiyo 16, na amfundishe angalau baharia mmoja kutamka "Mayday" mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, tatizo na idadi ya watu. Pengine siku ya dharura atakayeshika redio si nahodha.