Umri mrefu pekee hautoshi: Funzo la papa na kome

Dua tunayoombeana sana ni ya umri mrefu. Leo tuwatazame viumbe wawili wa Allah (s.w.t.) waliojaaliwa umri huo, tupate mazingatio.

Wa kwanza ni papa wa Greenland, aishiye katika vilindi vya bahari baridi za kaskazini. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza matokeo ya kupima kaboni katika lenzi za macho ya papa 28. Mkubwa wao, mwenye urefu wa mita 5, alikadiriwa kuwa na miaka 392, au kwa uchache 272. Wa pili ni kome wa lulu wa mito ya Ulaya. Ukubwa wake ni wa kiganja cha mkono tu, lakini anaweza kupita miaka 100 akichuja maji ya mto.

Hata hivyo, udhaifu wao ni mmoja. Papa huyo hukadiriwa kuanza kuzaa akiwa na miaka 150 hivi. Akivuliwa akiwa na miaka 100, ameondoka bila kuacha mtoto. Kome naye huzaa mamilioni, lakini vitoto vyake ni lazima vijishike kwenye mashavu ya samaki aina ya samoni au trauti kwa miezi kadhaa, kisha viangukie kwenye changarawe safi. Changarawe ikizibwa na tope, hufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana iko mito yenye kome wazee watupu. Apitaye hudhani mto una uhai tele, kumbe unangoja wazee wafe.

Mimi ni mwalimu wa dini, na hapo ndipo ninapoiona hali yetu ya mijini. Safu ya mbele msikitini imejaa wazee wenye elimu na adabu. Je, nyuma yao yuko nani? Mtoto akitoka shule huingia tuisheni, na madrasa hupewa muda uliobaki, kama upo. Ada ya tuisheni hailali, ya madrasa husubiri. Hilo ndilo tope letu.

Katika Surat Maryam tunasoma kuwa Nabii Zakariya (a.s.), mifupa imedhoofika na kichwa kimejaa mvi, hakuomba nyongeza ya miaka. Aliomba mrithi.

Basi tukiombeana umri mrefu, tuulizane pia: nani atasimama katika safu ile tukishaondoka?

Wabillahi tawfiq.