SOMO LA BUSTANI: PILIPILI YA RANGI, KUTOKA MBEGU MPAKA SAHANI



Leo tunajifunza kupanda pilipili nyumbani, kuanzia mbegu. Hatusemi ile ndogo kali inayotoa mtu machozi, wala ile kubwa isiyowasha hata kidogo. Tunasema ile ya katikati: ukiitia ndani ya maharagi, mtoto anakula bila kulia, na baba vilevile anasikia kama iko.

Mtu atauliza: juu ya nini doyeni anaacha hesabu na kutuandikia pilipili? Ni juu ya sababu mbili. Ya kwanza, huku kwetu Masisi familia nyingi hazina shamba, vilima vingi ni malisho ya ng'ombe. Lakini pilipili haiombi kilima, inaomba bidoni moja mbele ya mlango. Ya pili, katika mwaka 2023 vita vilifika Mushaki mwezi wa pili na tena mwezi wa kumi na mbili, na watu wengi walikimbia. Anayekimbia habebi shamba. Mbegu hamsini za pilipili zinaingia ndani ya fundo la kitambaa, na huko anakofika anaweza kuanza tena.

1. ILITOKA WAPI

Wengi wanazani pilipili ni ya Afrika tangu zamani. Hapana. Ni ya Amerika, na watu wa kule waliila zaidi ya miaka 6000 iliyopita. Columbus alifika kule mwaka 1492, na nyuma yake Wareno waliisambaza kwa merikebu mpaka pwani za Afrika na India. Jamaa yake ni viazi, tomati, mbilingani na tumbaku. Mushike neno hili la jamaa, tutalirudilia.

2. KUWASHA NA RANGI

Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Watu wanasema kiko ndani ya mbegu, lakini kiko zaidi katika ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukiutoa, ukali unapunguka sana. Ndege hawausikii ukali huo: wanakula tunda na kutapanya mbegu mbali.

Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alitafuta namna ya kupima ukali. Katika kipimo chake pilipili isiyowasha iko 0. Jalapeño ya Mexico iko kati ya 2500 na 8000. Pilipili ya mviringo yenye mikunjo, yenye harufu nzuri, inaweza kupita 100 000. Kwa hiyo tusidanganywe na rangi: ya njano inaweza kuwa kali kuliko nyekundu.

Rangi inaonesha umri wa tunda. Likiwa changa ni kijani, kama majani. Likianza kuiva ule ukijani unaondoka, na njano, machungwa au nyekundu inatokea. Ziko aina zinazoanza na rangi ya zambarau, na mwisho zinakuwa nyekundu. Ndiyo maana mti mmoja unaweza kubeba rangi tatu siku moja.

3. SHIDA YETU NI BARIDI

Ziwa Kivu liko kwenye meta 1460 juu ya bahari, na sisi tuko juu zaidi, meta mia kadhaa. Kila meta 100 unazopanda, joto linapunguka kwa zaidi ya nusu digrii. Basi kinachoota upesi Goma, kwetu kinakawia. Mbegu ya pilipili inapenda udongo wa digrii 25 mpaka 30, na hapo inaota kwa wiki moja au mbili. Chini ya digrii 15 inalala tu, na mara nyingi inaoza. Wengi wanasema « mbegu ilikufa », kumbe ilisikia baridi. Hili ndilo jambo kubwa la somo letu: Mushaki, pilipili inazaliwa jikoni, siyo shambani.

4. KUPATA MBEGU NA KUZIPIMA

Sokoni chagua tunda lililoiva kabisa. Mbegu za tunda la kijani ni changa, nyingi haziote. Mara nyingi tunda kubwa lenye nyama nene linawasha kidogo kuliko dogo jembamba, lakini onja kwanza. Toa mbegu, zikaushe kivulini wiki mbili. Ukikunja mbegu ikavunjika, imekauka. Ikikunjika tu, bado.

Kabla ya kusia, fanya jaribio. Funga mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye maji kidogo, weka penye joto la jikoni, angalia kila siku. Tuseme zimeota 7. Wewe unataka miche 20. Gawanya 20 kwa 7, zidisha kwa 10: ni karibu 29. Basi sia mbegu 29, au 30 ili usikose. Muone kama hesabu haikuachwa!

5. PEPINYERI YA JIKONI

Wakati mzuri ni mwezi wa saba, tunapoanza likizo kubwa. Miche itakuwa tayari mvua ikirudi mwezi wa tisa.

Chukua bidoni ya litri 5, uikate kwa ubavu, toboa matundu chini. Changanya udongo mweusi sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga sehemu moja. Mwagia maji ya kuchemka ili kuua magonjwa, kisha ngoja udongo upoe. Weka mbegu chini kwa nusu sentimeta, funika, lowanisha.

Sasa weka bidoni karibu na mafiga, penye joto. Weka mkono wako hapo: usikie uvuguvugu tu, siyo moto. Lakini angalisho: usiku mtu asifunge nyumba na kulala na mbabula ya makala ndani, hata kwa ajili ya mbegu. Hewa yake mbaya haionekani, na inaua.

Siku unapoona miche ya kwanza, itoe kwenye mwanga. Mche unaobaki gizani unakuwa mrefu na dhaifu. Mchana nje, usiku ndani, na kuku mbali. Maji kidogo tu! Maji yakizidi, shina linakuwa jembamba kama uzi pale chini, mche unaanguka na kufa. Ugonjwa huo unaua miche mingi kuliko kiu.

6. KUHAMISHA

Miche ikifika sentimeta 15 na majani sita, kwetu ni kama miezi miwili, izoeze kwanza kukaa nje wiki nzima. Halafu hamisha jioni, bila kuvunja udongo wa mizizi. Mche mmoja unatosha kwa bidoni ya litri 10. Katika bustani acha sentimeta 50 kati ya mche na mche.

Chagua ukuta unaopokea jua la asubuhi. Ukuta unashika joto mchana na kulirudisha usiku. Usiku ukishuka chini ya digrii 13, maua yanaanguka bila kuzaa. Hapo haina maana kuongeza samadi: samadi nyingi inaleta majani, haileti matunda.

7. MAGONJWA

Turudilie lile neno la jamaa. Huku tunalima viazi sana. Udongo uliotoka viazi au tomati unaweza kubaki na mnyauko, na mnyauko huo unashika pilipili vilevile. Basi usipande pilipili pale ulipochimbua viazi. Panda nyuma ya maharagi au mahindi. Mvua ikiwa nyingi, inua tuta ili maji yasisimame.

Vidudu vidogo vya kijani vinakaa chini ya majani. Vioshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Mche wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya njano, ung'oe mapema. Usiuhurumie, utaambukiza ingine.

8. KUCHUMA NA KUWEKA MBEGU

Tangu kuhamisha, hesabu miezi mitatu au minne. Chuma kwa kukata kikonyo, usivute tawi. Ukichuma mara kwa mara, mti unazaa zaidi. Kisha nawa mikono kwa sabuni, hapana kugusa macho.

Acha matunda mawili mazuri ya mti bora yaive mpaka mwisho: hayo ni ya mbegu. Kama jirani ana pilipili kali karibu na yako, nyuki wanaweza kuchanganya, na mwaka unaofuata utashangaa mdomoni. Kwa hiyo panda mbali kidogo. Weka mbegu kavu ndani ya chupa yenye majivu makavu, funga vizuri, andika mwezi na mwaka. Zinaweza kukaa miaka miwili au mitatu. Na ndani ya chumba cha mama weka fundo la pili, dogo, lililo tayari. Mwenye fundo hilo hataomba mbegu mahali popote atakapofika.

MASWALI

1. Ukali wa pilipili uko zaidi sehemu gani ya tunda?
2. Kwa nini mbegu inakawia kuota Mushaki kuliko Goma?
3. Mbegu 5 zimeota kati ya 10. Unataka miche 15. Utasia ngapi?
4. Eleza kwa nini tusipande pilipili nyuma ya viazi.

Mwenye kujibu yote aanze na bidoni yake bila kungoja. Akivuna, alete mbegu kumi ndani ya karatasi, ampe mwenzake wa darasa asiyekuwa nazo.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa mwisho