Karakana inayofunguliwa kwa spana: mabomba, viungo na kazi isiyolala sakafuni

Ufuate mguu mmoja wa meza ndani ya karakana ya samani, tangu ubao unapopasuliwa hadi meza inapopakwa vanishi. Unatoka kwenye msumeno, unalazwa sakafuni. Unaokotwa kupigwa randa, unalazwa tena sakafuni. Unaokotwa kutobolewa, unarudi chini. Unaokotwa kupigwa msasa, unarudi chini. Kila kituo kinamwinamisha fundi mara mbili, na kati ya kituo na kituo kuna safari za kutafuta penseli, skrubu, au mwenzake aliyeondoka na drili. Hakuna mteja anayelipia kuinama huko. Taiichi Ohno, mhandisi anayetajwa zaidi katika kujenga mfumo wa uzalishaji wa Toyota, alihesabu aina 7 za upotevu kiwandani. Tatu kati yake zimo katika safari ya mguu huu: kubeba mali huku na huko, mwendo wa mwili usio na faida, na kusubiri.

Wenye karakana wengi huitafutia shida hii dawa ya mashine yenye kasi zaidi. Mashine mpya ikija, inapasua upesi na rundo la sakafuni linakua upesi vilevile. Ushauri wangu ni kuanza na kile kinachobeba kazi kati ya mashine na mashine: meza, rafu na vitoroli. Na uviunde kwa mabomba yanayofungwa kwa viungo vya bolti, usivichomelee.

Mfumo wenyewe ulikomaa Japani, katika viwanda vinavyotengeneza magari na vipuri vyake. Kampuni ya Yazaki Kako ndiyo iliyousambaza kwa jina la Creform. Ni bomba jembamba la chuma lenye kipenyo cha milimita 28, aghalabu limevikwa plastiki. Viungo vya chuma hulikumbatia na kubanwa kwa bolti. Ongeza magurudumu, miguu ya kurekebisha urefu na reli zenye vigurudumu vidogo, nawe unaweza kufunga meza asubuhi na kuifungua jioni kwa alenki moja.

Huko kufunguka ndiko ninakokutetea hapa. Mchoro wa kwanza wa kifaa chochote cha karakana ni makisio, hata ukichorwa na fundi mkuu. Urefu utakuwa umezidi kidogo, rafu ya chini haitafikika, gurudumu litagonga mlango. Kifaa kilichochomelewa kikishakosewa, watu hujifunza kuishi na kosa lake miaka kumi. Kilichofungwa kwa bolti husahihishwa siku hiyohiyo, na aliyelalamika huona lalamiko lake limesikika, naye kesho ataleta wazo jingine.

Kabla ya kununua hata bomba moja, chora ramani ya sakafu kwenye karatasi kubwa: mlango, mashine, stoo, meza, rundo la mbao. Chagua kazi moja inayojirudia, tuseme kitanda cha futi tano kwa sita, kisha kaa kando siku nzima. Kila fundi anapotembea, chora mstari. Kila anapoinuka na kitu kutoka chini, weka nukta. Waeleze mafundi unachofanya, la sivyo watadhani unawapeleleza na ramani itakuwa ya uongo. Jioni karatasi itakuwa imejaa mistari, na mahali penye msongamano mkubwa wa nukta ndipo pa kuanzia. Hapo tu. Anayetaka kubadilisha karakana yote kwa wiki moja huishia na vifaa vingi vipya visivyotumiwa.

Sasa dukani, na hapa pana mtego unaogharimu watu fedha. Ukiomba bomba la inchi moja, unaweza kupewa vitu viwili tofauti. Paipu ya raundi ya fanicha ya inchi 1 hupimwa kwa nje, nayo ni milimita 25.4. Bomba la maji la inchi 1 limepewa jina kwa kipimo cha tundu la ndani, na kwa nje linafika milimita 33.7. Hakuna kati ya hayo mawili lenye milimita 28. Kiungo kilichotengenezewa bomba la 28 kitaning'inia kwenye la 25 hata ukikaza bolti mpaka ikatike. Basi chukua venia, pima bomba kwa nje mwenyewe, kisha jaribu kiungo kimoja juu ya kipande kimoja kabla ya kulipia mzigo.

Viungo vya 28 visipopatikana ulipo, zipo njia nyingine mbili nzuri. Ya kwanza ni bomba la maji lenye zinki pamoja na viungo vizito vinavyobana kwa skrubu ya pembeni. Viungo vya aina hiyo vya Kee Klamp vilianza Uingereza mwaka 1934, kwa ajili ya vizimba vya kukamulia ng'ombe wa maziwa, na leo vinashika vizuizi vya ngazi na majukwaa. Ni vizito kuliko vya Kijapani, lakini vinabeba zaidi. Ya pili ni ya bei nafuu kabisa: paipu ya mraba ya milimita 25 kwa 25, iliyotobolewa matundu kila sentimita 5 na kufungwa kwa bolti na nati. Kutoboa kunachosha, ila ukitengeneza kiolezo kimoja cha chuma cha kuongozea drili, kijana mmoja anamaliza mabomba mengi kwa siku.

Kifaa cha kwanza kiwe kitoroli, si meza. Faida ya kitoroli huonekana siku ya kwanza, nacho hakihitaji kuhamisha chochote kilichopo. Tuchukue kimoja chenye ubao wa milimita 900 kwa 600, rafu mbili, na urefu wa takribani sentimita 85 hadi juu. Kwa bomba la 28, mabomba ya mlalo hugota kwenye nguzo, hivyo unatoa unene wa nguzo mbili: 900 ukitoa 56 unabaki na 844, 600 ukitoa 56 unabaki na 544. Nguzo ziwe milimita 700, maana gurudumu na plaiwudi ya 18 vitaongeza kilichobaki. Jumla ni vipande 4 vya 844, vipande 4 vya 544 na nguzo 4, pamoja na vipande 2 zaidi vya 544 vya kushikilia katikati ya kila ubao usipinde. Kama bomba lako lina mita 4, la kwanza linatoa 844 nne na 544 moja. La pili linatoa nguzo zote nne na 544 mbili. La tatu linatoa 544 tatu zilizosalia na kukuachia zaidi ya mita mbili. Andika hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kukata. Baadhi ya viungo hula milimita moja mbili, kwa hiyo funga kona moja kwanza, pima, ndipo ukate vingine.

Kata kwa kikata bomba cha gurudumu, kile cha mafundi bomba. Kinaacha ncha iliyonyooka, ilhali grainda huunguza plastiki na kuacha ncha ya mshazari isiyokaa vizuri ndani ya kiungo. Ondoa makali kwa tupa. Funga viungo vyote kwa kulegeza, simamisha fremu juu ya sakafu iliyo sawa, pima mishazari miwili ya juu, na ikilingana ndipo ukaze. Magurudumu mawili yawe na breki. Baada ya wiki moja ya kazi pita tena na alenki ukakaze kila bolti, maana viungo hutulia na kulegea kidogo mwanzoni.

Kitoroli hicho kikisimama mwisho wa meza ya msumeno, uso wake ukiwa chini ya uso wa meza kwa milimita 3 hadi 5, ubao uliopasuliwa huteleza juu yake bila kuinuliwa. Unafunga breki, unapasua, unafungua, unasukuma hadi kwenye randa. Vipande vya kazi moja hukaa pamoja, na ukibandika karatasi ya oda kwenye nguzo hakuna atakayeuliza miguu ya kabati la nani iko wapi. Mguu wa meza haugusi sakafu tena hadi uwe meza.

Kuhusu urefu wa meza za kazi, kipimo ni kiwiko cha anayesimama pale. Kazi nyepesi ya mkono, kama kufunga bawaba, iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Kazi ya macho makali, kama kuchonga nakshi, ipande sentimita 5 hadi 10 juu yake. Kazi ya kusukuma kwa nguvu, kama kupiga randa kwa mkono, ishuke sentimita 15 hadi 40. Mafundi wawili wa vimo tofauti hawastahili meza ya urefu mmoja, na kwa viungo vinavyoteleza kwenye nguzo hawalazimiki kuwa nayo. Nalisisitiza hili kwa sababu mgongo wa fundi hauna kipuri.

Baada ya kitoroli, kifaa ninachokipenda zaidi ni rafu ya mteremko. Reli za vigurudumu zinafungwa zikiinama kuelekea kwa fundi. Msaidizi anaweka boksi la skrubu kwa nyuma, linajiteremsha hadi mbele bila umeme wala mota. Lililotangulia kuingia ndilo linalotangulia kutoka, jambo lenye uzito kwa gundi na vanishi ambazo huharibika zikikaa. Weka maboksi mawili ya kila aina: la mbele likiisha, fundi analirudisha kwenye njia ya juu iliyoinama upande wa pili, nalo linashuka kwa msaidizi. Boksi tupu likifika kwake ndiyo ishara ya kujaza, kwa hiyo hakuna haja ya kupiga kelele wala ya kugundua saa kumi jioni kwamba bawaba zimekwisha. Anza na mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kisha jaribu boksi lililojaa na lenye vitu vichache. Lililojaa likija kwa kishindo, punguza. Jepesi likikwama, ongeza kidogo au badilisha boksi, kwani la plastiki lenye kitako bapa hutembea vizuri kuliko la mbao. Katika karakana ya mbao vumbi litaziba vigurudumu, hivyo rafu ikae mbali na msumeno na ipulizwe kwa upepo kila wiki.

Karakana za kushona sare, kwa maoni yangu, ndizo zinazofaidi mapema kuliko zote: mizigo ni myepesi, na bomba moja la mlalo lenye magurudumu hubeba mafungu ya vitambaa vilivyokatwa kutoka cherehani hadi cherehani bila kukunjamana.

Gereji nazo zinafaidi kwa vitoroli vya spana na trei za vipuri. Lakini usiinue pikipiki, injini wala mtu kwa bomba hili. Kiungo hushika kwa kubana tu, na mzigo mzito unaoning'inia kwenye kiungo kimoja utateleza. Mzigo ukae juu ya mabomba, karibu na nguzo. Pakia kifaa kipya mara mbili ya uzito unaokusudia, kiache usiku mzima, na asubuhi pima kama kimeshuka. Kimo kisizidi mara tatu ya upande mfupi wa kitako. Usichomelee bomba lenye zinki au plastiki: moshi wa zinki huleta homa na kutetemeka, na plastiki inayoungua ni sumu. Kwa sababu hiyohiyo liweke mbali na cheche za grainda.

Waliopita katika hospitali za Tanzania huenda wameona ukutani yale maneno matano ya mpango wa 5S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yanaifaa karakana pia, na hilo la sanifisha lianzie kwenye mabomba yenyewe. Chagua urefu wa aina tatu au nne, kama 844, 544 na 700 za kitoroli chetu, na uunde kila kifaa kipya kwa hizo kadiri inavyowezekana. Kifaa kisichotakiwa tena kikifunguliwa, vipande vyake vinaingia moja kwa moja kwenye kinachofuata. Vipange kwa urefu kwenye rafu moja, kila urefu na rangi yake ya utepe, viungo na bolti kwenye boksi chini yake, na alenki ifungwe kwa kamba palepale ili mwenye wazo asilazimike kuitafuta.