Dondoo muhimu: Kumtunza mjusi wa buluu wa Kimboza

Mjusi huyu mdogo wa msitu wa Kimboza, Morogoro, hufugwa sana Ulaya na Marekani, mbali na mikadi anayoishi kwao. Ukiwa naye, zingatia haya.

• Kagua mianya ya kizimba kwanza. Kitoto kilichoanguliwa juzi hupenya kati ya milango ya kioo ya kuteleza, au kwenye tundu la waya wa taa. Ziba kwa silikoni. Matundu ya hewa yawe na wavu wa macho madogo mno. Akitoroka usimdake kwa pupa, mkia utabaki mkononi. Mfunike kwa kikombe, kisha pitisha karatasi chini yake.

• Ni mjusi wa mchana: anahitaji taa ya urujuanimno. Pa kuota joto pafike nyuzi 32 hivi, upande wa pili ubaki na ubaridi. Usiku zima taa zote. Balbu ibadilishwe mapema, kwani huendelea kuwaka huku miale yenye faida imeshafifia.

• Nyenje wawe wadogo kuliko upana wa kichwa chake, wapakwe unga wa kalisi. Taya likilegea au miguu ikipinda, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

• Nyunyiza maji asubuhi. Hulamba matone majanini.

• Madume wawili kizimba kimoja? Hapana.

Tangu 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya mijusi hawa waliokamatwa porini. Dai hati ya kuzaliwa kizimbani kabla hujalipa. Muuzaji asiye nayo, achana naye.