Diski kuu ikianza kuugua: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

SOMO LA WIKI

Swali la kutengeneza kifaa chakavu au kununua kingine ni la zamani katika biashara. Mwenye daladala analijua, na mwenye mashine ya kusaga nafaka analijua. Wote wawili hulijibu kwa njia moja: hulinganisha gharama ya fundi na bei ya kifaa kipya, kisha hutazama kifaa kilichotengenezwa kitafanya kazi kwa muda gani.

Kipo kifaa kimoja ambacho hesabu hiyo, ikitumiwa ilivyo, humtia mfanyabiashara hasara. Kifaa hicho ni diski kuu ya kompyuta, ambayo mafundi wengi huiita hadi diski. Sababu ni kwamba diski hubeba mali mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni chuma chenyewe, ambacho bei yake inajulikana dukani. Ya pili ni kumbukumbu zilizomo: leja ya wadaiwa, hesabu ya stoo, ankara na orodha ya wateja. Mali hizi mbili zinapaswa kufanyiwa hesabu mbili tofauti. Anayezichanganya hulipa fedha nyingi kuokoa chuma, au hutupa kumbukumbu zenye thamani kwa sababu chuma ni cha bei rahisi.

Kwa nini chuma hakitengenezeki

Diski za kawaida zina sahani zinazozunguka, nyingi kwa kasi ya mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya kila uso wa sahani huelea kichwa cha kusomea, kikiwa na nafasi ya nanomita chache tu kutoka kwenye sahani. Unywele wa binadamu una unene wa maelfu ya nanomita. Kwa hiyo chembe moja ya vumbi ni jiwe kubwa ndani ya diski, na fundi anayeifungua juu ya meza ya kawaida huenda akaimaliza kabisa.

Kazi hiyo hufanywa katika chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa. Hata huko, diski iliyobadilishwa vichwa hairudishwi kazini. Hutengenezwa ili isomeke kwa saa au siku chache, taarifa zinakiliwe kwenye diski nyingine, kisha iwekwe kando. Hivyo basi, mtu akikuambia kwamba atafungua diski yako, aitengeneze na uendelee kuitumia kama zamani, usimwachie kifaa chako.

Jambo la kwanza linakuwa limeamuliwa: diski iliyoanza kufa kwa ndani hubadilishwa. Kinachobaki kujadiliwa ni kama kumbukumbu zilizomo zinastahili gharama ya kuokolewa.

Jua kwanza ugonjwa wenyewe

Si kila diski isiyosomeka imekufa. Ugonjwa unaweza kuwa wa aina nne, na kila mmoja una gharama yake.

Kwanza, tatizo linaweza kuwa nje ya diski. Waya umelegea, umeme hautoshi, au kasha la diski ya kubebeka limeharibika huku diski iliyomo ikiwa nzima. Hapa matengenezo yanalipa, kwani gharama ni ndogo. Mwombe fundi aijaribu diski kwa waya mwingine na kwenye kompyuta nyingine kabla ya kusema lolote.

Pili, chuma ni kizima lakini mpangilio wa mafaili umevurugika au faili limefutwa kwa bahati mbaya. Acha kuitumia mara moja, maana kila kinachoandikwa upya kinaweza kufunika kilichopotea. Programu za kuokoa mafaili zitumike juu ya nakala ya diski, si juu ya diski yenyewe.

Tatu, bodi ya umeme iliyo chini ya diski imeungua. Hili hutokea umeme unapopanda ghafla. Zamani fundi aliweza kuchukua bodi ya diski ya aina ileile na kuibandika. Kwa diski za sasa haitoshi, kwa sababu bodi hubeba vipimo vya diski hiyo moja tu, na chipu yenye vipimo hivyo lazima ihamishwe pia. Fundi stadi wa vifaa vya umeme anaiweza kazi hii.

Nne, ugonjwa uko ndani: sehemu za sahani hazisomeki, au vichwa vimeharibika. Kompyuta huwa nzito isivyo kawaida, mafaili hukataa kufunguka, au diski hugonga tik-tik. Ikigonga, izime. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inakwangua sahani zenye kumbukumbu zako. Usiiweke kwenye jokofu kama wengine wanavyoshauri, kwani unyevu huongeza madhara.

Kama haigongi lakini ni nzito, nunua diski mpya leo na unakili kilichomo, ukianza na mafaili ya hesabu. Mafundi wanaojua kazi hutumia programu kama ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kurudia zile mbovu baadaye. Programu za kurekebisha makosa ya diski zisitumike kabla ya kunakili, kwa kuwa huandika juu ya chuma kinachokufa.

Dalili na takwimu

Diski nyingi zina mfumo wa kujichunguza uitwao SMART. Ziko programu za bure zinazosoma taarifa zake. Tazama idadi ya sehemu zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Idadi hizo zikianza kupanda, anza kutafuta diski nyingine.

Hata hivyo, ukimya wa SMART si cheti cha afya. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishapata kosa la kwanza la usomaji katika ukaguzi wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu. Kwa maneno mengine, dalili ikionekana iamini, na isipoonekana usibweteke.

Hesabu ya uokoaji

Tuchukue mfano wa muuza vipuri ambaye diski yake imeanza kugonga. Diski mpya tuseme ni Sh. 180,000. Hiyo atanunua kwa vyovyote, kwa hiyo isiingie kwenye hesabu ya uokoaji. Maabara inataka Sh. 900,000 kuokoa kumbukumbu, na inasema nafasi ya kufaulu ni nusu kwa nusu.

Anadai wateja Sh. 9,000,000. Katika jalada la karatasi anazo hati za mizigo zilizotiwa saini za Sh. 6,000,000. Deni hilo halikupotea. Zimebaki Sh. 3,000,000 ambazo ushahidi wake uko kwenye diski tu. Kwa jinsi anavyowafahamu wateja wake, Sh. 2,000,000 zitalipwa hata bila leja. Hivyo kilicho hatarini ni Sh. 1,000,000, si Sh. 9,000,000.

Nusu ya Sh. 1,000,000 ni Sh. 500,000. Kulipa Sh. 900,000, maabara ifaulu isifaulu, ili kununua nafasi yenye thamani ya Sh. 500,000 ni biashara mbaya. Mkataba ukiwa wa kulipa baada ya kufaulu tu, atabakiwa na Sh. 100,000, na hapo bado hajatoa nauli na ada ya uchunguzi. Afadhali atumie siku hizo kuwapigia simu wateja na kuchapisha taarifa za benki na za malipo ya simu ili aijenge upya leja.

Hesabu hubadilika kama diski inabeba kumbukumbu za kodi zisizo na nakala. Sheria za usimamizi wa kodi za 2015, ya Tanzania na ya Kenya, zinamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka mitano. Asiye na vielelezo anaweza kukadiriwa kodi. Ongeza kiasi hicho kwenye thamani iliyo hatarini kabla ya kuamua.

Bei ya vitabuni isikudanganye. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004, kompyuta huchakaa kwa asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki. Iliyonunuliwa Sh. 1,000,000 inabaki na Sh. 625,000 baada ya mwaka mmoja, na Sh. 390,625 baada ya miwili. Chuma hushuka thamani namna hiyo huku kumbukumbu zilizomo zikizidi kupanda.

Ukienda sokoni

Diski kuu sasa hutengenezwa na kampuni tatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Soko la namna hiyo hutikisika haraka. Mafuriko ya Thailand ya 2011 yalipofunika viwanda, bei zilipanda sana duniani kote kwa miezi. Mfanyabiashara asiyeweza kusimama hata siku moja anunue diski ya akiba wakati bei imetulia.

Jihadhari na iliyotumika inayouzwa kama mpya. Januari 2025 ilibainika huko Ujerumani kwamba diski za Seagate zilizokwisha kutumika kwa maelfu ya saa ziliuzwa na baadhi ya maduka kama mpya, saa zake katika SMART zikiwa zimefutwa. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana, na uthibitishe namba ya diski kwa mtengenezaji.

Kwa kompyuta ya kaunta, diski ya SSD isiyo na sahani inafaa, kwani ni ya haraka na haiogopi mtikisiko. Bei yake kwa kila gigabaiti ni kubwa zaidi. Aidha, huweza kufa bila kugonga wala kuonya, na faili lililofutwa humo mara nyingi halirudi.

Diski ya zamani usiiuze ikiwa na majina na simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inakuwajibisha, na kufomati kwa haraka hakufuti kilichomo. Ifute yote kwa programu maalumu, au iharibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likiwa ni diski, weka nakala tatu za hesabu zako, katika vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya jengo la duka. Mwenye nakala hizo, diski yake ikifa, hana uamuzi mgumu wa kufanya. Anatoa bei ya diski mpya, na kesho yake anafungua duka kama kawaida.