KRISMASI ISIYOACHA DENI WALA TAKATAKA

Somo la wiki: Luka 2:1-24, Yohana 6:1-13, Nehemia 8:9-12



Leo naanza na toba. Bajeti ya sikukuu ya watoto mwaka jana niliandika mimi. Kwa vile nilisomea biashara, wazee wakaniamini. Nikanunua baluni, makaratasi ya kung'aa, sahani na vikombe vya kutupa, na soda za chupa za plastiki. Siku ilipendeza kweli. Lakini asubuhi ya tarehe 26 nilikuta uwanja wa kanisa umejaa takataka, na mbuzi wa jirani anatafuna plastiki.

Januari, mama mmoja wetu akaja kuomba msaada wa karo. Mfuko ulikuwa mtupu. Pesa yenyewe ilikuwa imelala kwenye shimo la taka. Mtoto wake alikaa nyumbani wiki mbili. Hilo sijalisahau.

1. Yesu hakuja kwa gharama za kujionyesha

Alilazwa horini. Alipopelekwa hekaluni, wazazi wake walitoa sadaka ya ndege wawili (Luka 2:24). Ukisoma Walawi 12:8 utaona hiyo ilikuwa sadaka ya mtu asiyeweza kupata mwana-kondoo. Yusufu hakukopa kondoo ili majirani waone. Sasa sisi, kwa nini tuchukue mkopo wa simu tarehe 23 ili tumsherehekee mtoto wa horini?

2. Yesu hapotezi kitu

Katika Yohana 6, watu wameshiba, na Bwana anaagiza mabaki yakusanywe. Vikajaa vikapu 12. Hebu fikiria: mwenye uwezo wa kulisha maelfu kwa mikate mitano haoni aibu kuokota makombo! Na tangu Mwanzo 2:15 mwanadamu alipewa bustani ailime na kuitunza. Kutunza ardhi ya Ogwedhi si mambo ya serikali peke yake, ni ibada.

3. Kubana matumizi si uchoyo

Nehemia aliwaambia watu wale vinono, wanywe vitamu, na wasiokuwa na kitu wapelekewe sehemu yao. Kwa hivyo chapati zipikwe, kuku achinjwe! Lakini sherehe isiyomfikia mjane wa jirani bado haijakamilika.

Sasa tupige hesabu. Gunia la mahindi la kilo 90 ni kama gorogoro 45. Nyumba inayokula gorogoro moja kwa siku, ikiuza gunia moja kwa ajili ya nguo na mapambo, imeuza ugali wa mwezi mmoja na nusu. Halafu ghala likiisha, mtanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Njaanuari hailetwi na shetani kila mara, mpendwa. Mara nyingine tunaialika wenyewe.

Tufanye nini?

- Baba na mama mkae chini mapema mwandike. Fungu la kumi, karo, mbegu na mbolea za mvua ya Machi zitangulie. Kinachobaki ndicho cha sikukuu.
- Nyumba kadhaa zichange zinunue ng'ombe mmoja, mgawane. Njoo na sufuria au bakuli lako. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi usimwombe mwenye bucha akuvunjie sheria.
- Kila familia ije kanisani na sahani na vikombe vyake. Soda tutanunua kwa kreti, za chupa za glasi, na chupa zirudi dukani.
- Usikate mti mchanga wa saipresi ili ukauke baada ya wiki moja. Pamba mti uliosimama uani kwa maua na vitambaa. Mvua ya Machi ikija, panda mti mmoja kwa kila mtoto wako.
- Maganda na mabaki yaende kwenye mbolea ya shamba. Plastiki usiichome, moshi wake ni sumu. Usiitupe mtaroni pia, mvua itaipeleka mtoni, na mifugo yetu na ya jirani zetu wa Transmara itaila.

Mwaka huu pesa tuliyozoea kutumia kwa mapambo itaingia kwenye bahasha ya karo ya Januari. Mama yule akirudi, asipate tena mchungaji mwenye maneno matupu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni gharama gani ya Krismasi nyumbani kwako ambayo ni ya macho ya watu tu?
2. Ni nyumba gani karibu nawe inayofaa kupelekewa sehemu, na nani ataipeleka?

Tuombe: Bwana, tupe furaha isiyo na majuto, na mikono inayotunza ulichotupa. Katika jina la Yesu, Amina.